Diski za zamani za IDE kwenye laptopu mpya yenye USB-C tu, mbona hazisomi?

mtunza_picha

Habari zenu wakuu. Nina diski mbili za zamani, moja ni ile kubwa ya inchi 3.5 ilitoka kwenye kompyuta ya mezani, imeandikwa 80GB, nyingine ni ndogo ya inchi 2.5 ya laptopu, 40GB. Zote ni IDE, zile za zamani za pini nyingi, sio SATA zilizokuja baadaye. Ndani kuna picha za marehemu mzee wetu na mahesabu yake ya miaka na miaka, hazipo sehemu nyingine yoyote. Kompyuta zenyewe zilishakufa mazabodi, diski nikazitunza.

Nimepata adapta ya IDE kwenda USB, ile yenye kichwa cha plastiki cha pande tatu, upande mmoja pini 40, upande wa pili 44, wa tatu SATA, na imekuja na pawa saplai yake. Laptopu yangu ina poti za USB-C tu kwa hiyo nachomeka kupitia habu (kile kigawanya poti). Sasa ile ndogo nikiichomeka inalia tik... tik... inanyamaza, inaanza tena, kwenye skrini inatokea sekunde chache inapotea. Ile kubwa inazunguka vizuri naisikia kabisa mota lakini laptopu haioni kitu, hata kwenye ile orodha ya diski za Windows haimo.

Ni adapta mbovu, au diski ndio basi tena, au hizi laptopu mpya hazisomi IDE? Na kama ipo adapta ya IDE kwenda USB-C moja kwa moja naombeni mnielekeze, hizi picha nazitaka kweli.

pini40

Pole mkuu, usizizike bado, hizo dalili zote mbili nimeziona mara nyingi kwenye diski ambazo ni nzima kabisa.

Kwanza hilo la USB-C liweke pembeni. USB-C ni umbo la tundu tu. Laptopu yako haijui chochote kuhusu IDE na haihitaji kujua, kazi ya kutafsiri inafanywa na kichipu kilichomo ndani ya hiyo adapta, huku kinaongea IDE, huku kinaongea USB, na kwa laptopu diski inaonekana kama flashi nyingine yoyote. Wala usihangaike kutafuta spidi, IDE ya mwisho mwisho ilifikia 133MB kwa sekunde kwenye makaratasi lakini diski za umri huo zenyewe hazifiki hata karibu na hapo, na USB 2.0 kwa uhalisia inakupa kama 30 hadi 40MB kwa sekunde, kwa 80GB ni chini ya saa moja na kitu kama diski ina afya. Inatosha.

Tuje kwenye ile kubwa. Inazunguka lakini haionekani, asilimia kubwa hapo ni JAMPA. Geuza diski uangalie nyuma, katikati ya zile pini 40 na lile tundu la umeme la pini nne utaona vipini vifupi vya pembeni vimevalishwa kikofia kidogo cha plastiki. Hicho ndio jampa. Enzi za IDE waya mmoja ulibeba diski mbili kwa hiyo ilibidi moja iwe Master na nyingine Slave, au zote ziwekwe Cable Select waya wenyewe uamue. Adapta nyingi za USB zinatafuta Master tu, kama diski yako ilikuwa ya pili kwenye ile kompyuta basi imekaa Slave na adapta inaita hakuna anayeitika. Mchoro wa namna ya kuweka umechapwa kwenye lebo ya diski yenyewe, kichomoe kikofia kwa kibanio kidogo ukipeleke panapotakiwa. Kama ni Western Digital angalia vizuri maana nyingi zina hali ya tatu, diski ikiwa peke yake unaondoa jampa kabisa.

Na tafadhali sana, IDE haikutengenezwa kuchomekwa na kuchomolewa umeme ukiwa umewaka kama tulivyozoea na USB. Utaratibu ni huu: kila kitu kimezimwa, vaa adapta kwenye pini, chomeka waya wa umeme, washa ile pawa saplai, subiri diski ishike mwendo, NDIPO uchomeke USB kwenye laptopu. Ukianza na USB adapta inauliza diski wakati bado haijaamka, inakata tamaa.

Ile ndogo ni suala la umeme, karibu naweza kuapa. Diski ya 3.5 inakula volti 12 kwa ajili ya mota na volti 5 kwa ajili ya saketi, ndio maana ina tundu lake (waya wa njano 12, mwekundu 5, meusi mawili ni ethi). Ile ya 2.5 haina tundu la umeme, zile pini nne zilizozidi, 41 mpaka 44, ndizo zinaleta volti 5 na volti 5 hiyo kwa adapta nyingi inatoka kwenye USB. Sasa poti ya USB 2.0 kwa kawaida inaahidi milliampea 500, USB 3.0 inaahidi 900, angalia lebo ya diski yako uone yenyewe inataka ngapi na ujue kwamba wakati wa kuanza kuzunguka inavuta zaidi. Kupitia habu isiyo na umeme wake ndio kabisa, wanagawana hicho hicho kidogo. Diski inajaribu kunyanyuka, umeme unashuka, vichwa vinarudi, inajaribu tena, hiyo ndio tik tik yako. Chomeka moja kwa moja kwenye laptopu kwa kigeuzi kifupi, au tumia habu yenye adapta yake ya ukutani, au kama hiyo adapta ina kitundu cha pembeni cha umeme kitumie.

Kitu cha mwisho, kwenye hiyo ndogo hesabu pini kabla hujasukuma. Pembeni ya zile 44 kuna nyingine nne za jampa, zimeachana na wenzake kwa nafasi ya pini moja. Ukivaa adapta imesogea safu moja tu unapeleka volti 5 pasipostahili na hapo saketi inaungua kweli. Angalia na tochi, usikisie kwa kidole.

mdau_huru

Hiyo inayolia tik tik mimi niliwahi kusikia ukiifunga kwenye mfuko ukaiweka friza usiku mzima inaamka. Jaribu haina hasara.

Bi_Sekta

mdau_huru hapana ndugu yangu, ina hasara kubwa. Diski ina kitundu cha kupumulia, ukiitoa kwenye baridi kali unyevu unaganda juu ya sahani za ndani, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele mara nyingi sana. Kikikutana na tone la maji kwa mizunguko 5400 kwa dakika hakuna wa kuziokoa hizo picha. mtunza_picha usifanye hivyo hata kidogo, wala usiigongegonge, wala usiifungue.

Pini40 kaeleza vizuri ya kuunganisha, mimi naomba niongelee dakika ile diski itakapoonekana maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza vitu, na hivi ni vya marehemu mzee, havirudi.

Windows ikikuletea kisanduku kinachosema lazima ufomati diski ndio uitumie, bonyeza ghairi. Ikikuambia diski haijaanzishwa ianzishwe, ghairi. Ikikuomba ichunguze na kurekebisha makosa, ghairi pia. Hivi vitu vyote VINAANDIKA juu ya diski, na ile programu ya kurekebisha haina lengo la kuokoa faili zako, lengo lake ni kufanya mfumo wa faili ueleweke, ikiona folda haieleweki inaikata. Kwenye diski mbovu inailazimisha kuzunguka masaa kwenye sekta zile zile zilizooza.

Cha kufanya kwanza ni kunakili diski nzima sekta kwa sekta (vile vipande vidogo vidogo inavyohifadhia data) iwe faili moja kubwa, halafu kila kitu kingine unakifanya kwenye hiyo nakala. Washa laptopu kwa flashi ya Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) bila kuisakinisha, weka programu inaitwa ddrescue (kwenye Debian na Ubuntu pakeji yake inaitwa gddrescue), kisha andika lsblk uone diski ipi ni ipi KWA UKUBWA WAKE. Usitegemee jina, leo ni sdb kesho ni sdc. Halafu:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb mzee40.img mzee40.map

Hiyo -n inamwambia asing'ang'anie sehemu mbaya, achukue kwanza kila kinachosomeka kirahisi. Akimaliza unarudia bila -n na unaongeza -r3 ili arudi kwenye mabaki mara tatu. Ile faili ya map ndio roho ya kazi yote, inakumbuka kipi kimesomwa kipi bado, hata diski ikijikata katikati unachomeka upya unarudia amri ile ile anaendelea alipoishia. Ila kabla ya kurudia tazama tena lsblk maana jina linaweza kuwa limebadilika.

Sehemu unayohifadhia iwe na nafasi zaidi ya diski nzima hata kama picha ni chache, maana inanakili mpaka pale patupu. Na mfumo wake wa faili usiwe FAT32, haukubali faili moja ya 4GB na kuendelea, fomati hiyo ya kuhifadhia (sio ya mzee!) iwe exFAT au NTFS au ext4.

kebo_ndefu

Naunga mkono Bi_Sekta, ila niongeze kwamba kama diski ina sekta mbovu hizi adapta za USB zina tabia ya kuganda. Diski inasema subiri naisoma tena, kichipu kinachoka kinajiwasha upya, laptopu inaona kama imechomolewa. Kwa diski mgonjwa bora kompyuta ya mezani yenye nafasi ya PCI Express, kuna kadi zinaongeza tundu la IDE pale, unapata pia umeme wa uhakika kutoka pawa saplai kubwa. Sio lazima kuanza hapo lakini ukiona ddrescue anakatika katika kila mara hapo ndipo pa kuhamia.

Halafu wakuu nichomekee swali langu humu humu, nina IDE ya 160GB, kwenye adapta yangu ya zamani sana inaonekana 137GB tu. Ni jampa pia?

pini40

kebo_ndefu hapana, hiyo ni adapta. IDE ya zamani ilihesabu sekta kwa biti 28, ukizidisha kwa baiti 512 za kila sekta unapata GB 137 na hauvuki. Baadaye wakaongeza hesabu ya biti 48 lakini vichipu vya kwanza kwanza vya adapta havikuijua. USIANDIKE chochote kwenye hiyo diski kupitia hiyo adapta, kuna hatari ya kuandika mahali sipo. Tafuta adapta nyingine tu. Jampa inayopunguza ukubwa ipo, ila ile inashusha mpaka 32GB hivi, ilikuwa ya kuziridhisha BIOS za zamani, ile programu ya kwenye mazabodi inayoiamsha kompyuta.

mtunza_picha

Wakuu nimerudi, asanteni mno. Kubwa ilikuwa kweli Slave!! Nimehamisha kikofia kwenda Master, nikafuata utaratibu wa kuwasha umeme kwanza, ikatokea palepale. Furaha yangu ikaishia hapo, Windows inasema niifomati. Nimeghairi kama alivyosema dada Bi_Sekta. Nimeinakili yote kwa ddrescue, imetoka bila kosa hata moja, sekta zote zimesomeka, sasa mbona haifunguki? Kama diski ni nzima picha zimekwenda wapi?

Ile ndogo nimeichomeka moja kwa moja bila habu imeacha kulia, inazunguka vizuri, inafunguka, naona folda. Ila folda ya jina la mzee nikiibonyeza inaniambia sina ruhusa. Bado sijainakili nimeogopa kuigusa.

Bi_Sekta

Umefanya vizuri sana kughairi. Na kama ddrescue amesoma kila sekta basi diski ni nzima, kilichobaki ni kuelewa ramani yake, na unacheza na nakala kwa hiyo pumua.

Niambie kitu, ile kompyuta ya mezani ilikuwa ya zamani kuliko hiyo diski? Yaani diski iliongezwa baadaye? Na ilipokuwa inawaka, kabla ya Windows kuanza, kulikuwa na mstari wa maandishi unapita ukitaja jina la programu fulani ya diski?

mtunza_picha

Ndiyo!! Diski aliiongeza fundi baadaye, na kulikuwa na maandishi yanapita haraka yanasema ushikilie kitufe cha Ctrl au kitu kama hicho. Tulizoea tu hatukujua ni nini. Umejuaje?

Bi_Sekta

Basi tumeshampata. BIOS za miaka ile zilikuwa na mipaka, kuna zilizogota kwenye 528MB, zingine 8.4GB, zingine 32GB. Ukinunua diski kubwa kuliko mpaka huo unapewa programu ndogo inayojipandikiza mwanzoni kabisa mwa diski, inawaka kabla ya Windows na kuidanganya BIOS. EZ-Drive na Ontrack Disk Manager ndizo zilikuwa maarufu. Shida ni kwamba ili ipate pa kukaa inasogeza au inaficha jedwali halisi la partisheni, yaani la mafungu ya diski. Kwenye kompyuta ile programu inawaka kwanza kwa hiyo kila kitu kinaonekana sawa, lakini ukiileta diski kwenye adapta ya USB ile programu haiwaki, Windows inasoma pale mwanzo inakuta mgeni, inahitimisha kwamba diski haina kitu. Ni kama kitabu ambacho yaliyomo yamebandikwa karatasi juu, kurasa zote zipo ndani.

Kwa hiyo chukua ile nakala, nakili tena nakala ya nakala kama nafasi ipo, kisha ifungue kwa TestDisk, programu ya kutafuta partisheni zilizopotea:

testdisk mzee80.img

Kwenye aina ya jedwali chagua Intel, halafu Analyse, halafu Quick Search, ataikagua na kutafuta mwanzo halisi wa kila partisheni bila kujali jedwali linasema nini. Akikuonyesha mstari wa FAT32 au NTFS simama juu yake ubonyeze herufi P, utaona majina ya faili. Ukiona majina yanasomeka vizuri basi weka alama kwa a kuchagua yote, kisha C kubwa kunakili kwenda folda nyingine. Usichague Write, huna haja ya kurekebisha diski, unataka vilivyomo tu.

Kuhusu ile ndogo, hiyo sio hitilafu. Ilikuwa na Windows XP au mpya zaidi ya hapo si ndiyo? NTFS inakumbuka mwenye folda kwa namba ya utambulisho ya akaunti yake ya kompyuta ile, laptopu yako mpya haimjui. Windows itakuuliza kama unataka upewe ruhusa ya kudumu, ukikubali inaandika upya ruhusa kwenye diski faili moja moja, sikushauri kwa diski ambayo hujainakili. Nakili kwanza kwa ddrescue, halafu ifungue nakala ukiwa humo humo kwenye Linux, kule kwa kawaida ruhusa za NTFS hazizingatiwi unaona kila kitu. Isipokuwa faili ambazo majina yake kwenye Windows yana rangi ya kijani, hizo zimefungwa kwa usimbaji na ufunguo ulibaki kwenye akaunti ya mzee, hapo ni lazima uwe na akaunti yenyewe na nenosiri lake.

pini40

Kabla hujaanza kuinakili hiyo ndogo, kwa kuwa ilikuwa inajikata kwa kukosa umeme, muulize kwanza hali yake:

sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb

Adapta zingine za zamani hazipitishi, ukipata kosa jaribu -d usbjmicron badala ya sat maana wengi walitumia vichipu vya JMicron. Angalia mstari namba 5 na namba 197. Namba 5 ni sekta zilizokwisha hamishwa, 197 ni zile zinazosubiri kuamuliwa. Vikiwa sifuri vyote nakili bila wasiwasi. 197 ikiwa na namba na inapanda, usifungue folda moja moja kutazama, peleka ddrescue moja kwa moja.

Na uiweke juu ya kitu kigumu na tulivu, feni kidogo ikiipulizia kama unayo. Hizi diski zilizoea kukaa ndani ya kasha lenye hewa, ukiiacha juu ya kitambaa masaa mawili inachemka.

kebo_ndefu

Jambo moja kwa atakayepita hapa baadaye akidhani ushauri huu unafaa kila diski. Hizi eksitano (diski za nje za USB) za kisasa ambazo ni kasha moja, ukizivunja ili utoe diski ya ndani uiweke kwenye adapta, unaweza kukuta mambo mawili. Kuna ambazo bodi ya ndani ina USB moja kwa moja, hakuna SATA ya kuchomeka. Na kuna ambazo kile kichipu cha kasha kinasimba data yote hata kama hukuweka nenosiri, ukitoa diski ukaipeleka adapta nyingine unaona takataka tupu. Pia kuna makasha yanayoionyesha laptopu sekta za baiti 4096 wakati diski ni 512, ukihamisha jedwali linasomeka vibaya. Kwa hizo lirudishe kasha lake kwanza.

mtunza_picha

TestDisk ameiona, FAT32, nimebonyeza P na majina yakashuka yote, folda ya picha imo, ya mahesabu imo, ananakili saa hizi ninavyoandika. Sina maneno jamani, Mungu awabariki. Mama yangu amekaa hapa pembeni anasoma majina ya folda kwa sauti.

Ile ndogo namba 5 ni sifuri, 197 inasema 8. Haijapanda nilivyorudia. Nimeianzisha ddrescue na -n, imefika asilimia 61 makosa bado sifuri. Swali la mwisho, zile 8 zikibaki baada ya -r3 nitajuaje ziko kwenye faili gani?

Bi_Sekta

Sekta 8 za baiti 512 ni KB 4 tu, zinaweza hata kuwa zimeangukia patupu. Ukimaliza, kwenye ddrescue kuna chaguo la kujaza zile zilizoshindikana kwa neno unalolitaka. Tengeneza nakala ya ile img, iite mzee40b.img, kisha:

printf "HAPAPASOMEKI" > neno.txt
ddrescue --fill-mode=- neno.txt mzee40b.img mzee40.map

Hapo neno linajaza sehemu mbaya tu. Ukishamaliza ifungue ile nakala kama diski ya kawaida utafute hilo neno ndani ya faili zote kwa grep -rl HAPAPASOMEKI, itakutajia jina la kila faili iliyoguswa. Isipotaja hata moja, basi hakuna picha wala karatasi ya mahesabu iliyoguswa. Tuletee matokeo.